Agizo Lisilofutwa Mlangoni

Nakumbuka siku moja bani la baba la kukaushia tumbaku lilipoungua kule Ulyankulu, nami nikaapa kwamba jirani yetu, Mzee Kasele, ndiye aliyelichoma. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu nimesikia unatokwa damu chooni, na badala ya kwenda hospitali unamtazama mkeo na sufuria zake kwa jicho la pembeni.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Akiona bani limepoa, aliandika mlangoni kwa mkaa: ONGEZA KUNI. Aliyetia kuni alipaswa kuyafuta maneno hayo papo hapo kwa kiganja. Siku ile nilitia kuni, nikaenda kunywa maji, sikufuta. Dada yangu akaja, akasoma, akatia. Nikarudi, nikasoma, nikatia tena. (Ndiyo, hata mimi! Ujana una usingizi wake.) Kufika adhuhuri majani yalishika moto, na jasho la msimu mzima likaishia moshini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia baba, nikimwonyesha nyumba ya Kasele.

Baba alinivuta hadi kwenye mlango ulioangukia nje, maneno bado yanasomeka. "Agizo lilikuwa sahihi," akasema, "ila limekaa kuliko kazi yake. Na kiganja chako hiki, mbona kisafi?"

Ungedhani nilijifunza. Wapi! Ugonjwa wangu unaujua, ila hujui nilivyouficha. Damu ilipoanza, nilimshuku mke wa kaka yako, nikawa namwaga chakula chake. Nikamshuku na daktari aliyekata kinyama cha tumboni mwangu akakipime: anakitakia nini? Hatimaye akaja Neema, binti wa dada yangu, yule wa maabara.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

Alicheka, akanieleza. Jeni ikitaka kazi ifanyike ndani ya seli, hutoa nakala ya agizo, iitwayo RNA. Nakala ikishasomwa vya kutosha, huharibiwa. Katika saratani ya utumbo mpana, baadhi ya nakala zinazosema "kua, gawanyika" hukaa muda mrefu mno, na seli huzisoma tena na tena.

"Nani anazilinda?" nikauliza, maana nilitaka jina.

"Protini za seli yenyewe, mjomba. Hakuna jirani humo."

Nilikitazama kiganja changu, nikaona aibu. Nilikubali kupasuliwa, ila nilikuwa nimechelewa. Mfuko huu wa choo kiunoni ndio malipo ya kuchelewa huko.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Kushuku sikukatazi, mimi mwenyewe simwamini anayenisalimia mara mbili. Lakini ishuku damu, si mkeo. Si kila damu ni saratani, ila ajuaye ni aliyepima. Kesho nenda, naye mkeo aende nawe. Ukirudi, umtake radhi angali hai, kwani Kasele alizikwa nami sijafungua mdomo. Mungu akuponye tumbo, akulindie nyumba, na akujalie kiganja cheusi kwa mkaa.