Aliyehamisha Vizimba

Wenzake walimwita Daktari, ingawa udaktari hakuwa ameusomea. Alikuwa na cheti cha ufugaji wa samaki, hadubini kuukuu na mkono mwepesi wa kupasua. Kazi yake ilikuwa kuchunguza afya ya samaki waliofugwa kwenye vizimba vya nyavu vya duara ziwani. Alikaa kwenye jukwaa linaloelea siku kumi na mbili mfululizo, kisha alirudi nyumbani kwa siku mbili.

Nyumbani ni ng'ambo ya ghuba, kwa mama yake. Tangu afiwe na mume, binti yake wa miaka sita alilelewa huko. Jioni, zamu ya kulisha samaki ikiisha, Daktari alisimama ukingoni mwa jukwaa akitafuta kigauni kidogo cha bintiye kwenye ua wa mama yake, mbali ng'ambo. Kilionekana kama punje ya mchele, lakini kilimtosha kulalia.

Mwaka wa tatu wa kazi hiyo samaki walianza kujikwaruza kwenye nyavu na kupanda juu kuhema. Msimamizi alidhani ni minyoo ya tumboni, akataka dawa iagizwe. Daktari alimwomba asubiri. Akapasua samaki ishirini wa vizimbani na ishirini wa ziwani, wale waliozoea kuja kuokota mabaki ya chakula nje ya nyavu.

Wa ziwani walikuwa na minyoo tele matumboni, kwa kuwa hula konokono na vidudu vya majini. Wa vizimbani, wanaolishwa chakula cha kiwandani, matumbo yao yalikuwa karibu safi. Shida ilikuwa kwenye matamvua, mahali samaki anapopumulia. Yaligandwa na vimelea vidogo mno, visivyohitaji kupitia kwa konokono wala ndege, kama minyoo ya tumboni, ili vizaane. Vinatoka kwa samaki huyu vinahamia kwa jirani yake, na mle kizimbani majirani walibanana kama njiti za kiberiti.

Alijaribu kuwaogesha kwa maji ya chumvi. Wakapata nafuu wiki moja, kisha wakarudia kuhema. Iliyobaki ilikuwa kuwapunguza, kuviachanisha vizimba, na kuvitoa kwenye maji yaliyotuama hadi penye mkondo. Mkondo ulikuwa nyuma ya rasi, na ukiwa huko, ule ua wa ng'ambo huuoni. Aliandika ripoti, ikakaa mfukoni mwake siku mbili nzima.

"Tuvihamishe," alimwambia msimamizi hatimaye.

Msimamizi aliijua familia yake. "Unajua tunakwenda wapi, dada?"

"Najua, kaka. Mkondo nimeupima mwenyewe."

Walivikokota kwa mashua siku tisa, taratibu, samaki wasije wakachoka. Siku ya mwisho alikaa mashua ya nyuma, akaangalia mawe ya rasi yakiifunika ghuba kidogo kidogo.

Baada ya miezi miwili, tamvua ambalo zamani lingekuwa na vimelea arobaini sasa lilikuwa na vitatu, pengine vinne. Wenzake wakampigia makofi. Alitabasamu, akaenda kuosha visu vyake.

Wiki hiyohiyo binti yake alimpigia simu kwa simu ya bibi.

"Mama, yale maduara yenu hayarudi tena? Nilikuwa nayahesabu kila jioni."

Hakuwahi kujua kwamba mtoto naye alikuwa akitazama. Alimweleza kuhusu mkondo, na samaki waliopona.

Kesho yake aliomba siku ya tatu ya mapumziko. Msimamizi alisema ataangalia. Anaangalia mpaka leo.