Meli Yangu ya Moshi Katika Maji ya Ubatizo

Kuna kanisa moja kule Mansfield ambalo mpaka leo nikilipita kwa gari najifanya natafuta kitu chini ya kiti, nisije nikaonana macho na mtu, na mke wangu pembeni anacheka mpaka anajifuta machozi, kwa sababu siku ile yeye alikuwa zamu kazini na yote aliyasikia kwa watu (na watu wa kanisani kwetu chumvi hawaihurumii). Sasa nasimulia mwenyewe. Ni aibu, lakini ni aibu yangu, afadhali niitoe mimi.

Nyumbani Morogoro nilikuwa mwalimu wa historia, miaka tisa, chaki mpaka kwenye nyusi. Hapa Texas napanga maboksi kwenye ghala moja Mesquite, na jina la Mwalimu limebaki kanisani tu, wananiita hivyo nusu heshima nusu utani. Binti yangu Neema, ambaye mwaka huo wa 2019 alikuwa na miaka kumi na miwili, Kiswahili anakielewa chote lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Siku moja tuko barabarani, akaniuliza huku macho yako kwenye simu: "Dad, were you like, a real teacher?" Nikamwambia ndiyo, wa kweli kabisa. Akasema, "Okay," ile okay anayopewa mtu mzima ili anyamaze. Jamani, okay ile niliibeba wiki nzima. Kazini natembea bila sababu, nyumbani nazunguka meza, chai inapoa mkononi, kisa okay.

Kwa hiyo Mama Furaha, mama wa Kikongo anayesimamia vijana wetu, aliponifuata baada ya ibada na kuniambia, "Mwalimu, huu mwezi wa pili watoto banafundishwa historia ya watu weusi ku masomo, na siye tubape kitu, utaweza?", nilikubali kabla hajafunga mdomo. Ningeweza kusoma karatasi dakika kumi nikarudi kukaa, na leo ningekuwa mtu wa heshima zake. Lakini nilitaka Neema aone.

Somo nililichagua palepale. Sisi shuleni tulisoma Zanzibar na Bagamoyo, watoto wetu huku wanasoma mashamba ya pamba, na kule Atlantiki, ambako watu walivushwa, hakuna somo linalopagusa. Nikaamua kuwaonyesha zile meli za kivita za moshi za Waingereza, zenye magurudumu mawili makubwa ubavuni yanayopiga maji, zilizokuwa zikizunguka pwani ya Afrika Magharibi kukamata meli zilizobeba watumwa. Meli ya matanga upepo ukikata inasimama, lakini hii inakula makaa, inatoa moshi, inakuja tu. Mabaharia walikuwa wanakufa kwa homa, wengine wanaletwa, na waliookolewa walishushwa Freetown. Morogoro niliichora meli hiyo ubaoni kila mwaka, na kila mwaka mwanafunzi mmoja aliuliza yale magurudumu yanazungukaje, nami nikawa nazungusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Safari hii nilisema nitaiunda.

Nikaiunda kwa maboksi ya kazini, gundi, na vile vifeni vidogo vya betri vya kushika mkononi, kimoja kila upande, ndiyo magurudumu. Neema alikuja kunishikia mkasi, kwa uvivu kwanza, halafu akauliza, "Wait, so they bought people, and then they saved people?" Nikamwambia ndiyo, walinunua kwanza, tena kwa miaka mingi, halafu wakaja kuzuia wenzao. Akafikiri. "That's messed up," akasema, lakini simu aliiweka chini. Tukaunda na meli ya pili, ya matanga, ndiyo ya watumwa, kwa boksi la maziwa, na ndani yake nikampa apange maharage mekundu arobaini, kwa safu, yamebanana. "Hawa ni watu," nikamwambia kwa sauti yangu ya darasani, "usimwage hata mmoja." Akayapanga polepole, moja moja.

Tungeishia hapo, mambo yangekuwa salama. Lakini Jumapili asubuhi nikaitazama meli yangu ya moshi nikaona ina kila kitu isipokuwa moshi. Meli ya moshi bila moshi! Nikaingia chumbani, nikafungua kopo la mke wangu la udi (mke wangu mtu wa Tanga, kopo hilo hata mimi silishiki bila ruhusa), nikachota kipande, halafu nikaona kidogo, nikachota na kingine. Kipande cha mkaa nikakiweka ndani ya mkebe wa nyanya, ndio ukawa bomba la meli.

Jengo lile la kanisa si letu, ni la Wamarekani, sisi tunalitumia kuanzia saa nane mchana. Mbele, nyuma ya mimbari, wana birika la ubatizo lenye kioo, ukikaa kwenye benchi unaona mpaka chini. Siku hiyo lilikuwa limejazwa maji ya uvuguvugu kwa sababu watu saba walikuwa wabatizwe, wamekaa benchi la mbele na majoho yao meupe. Mimi nilikuja na beseni. Nikaliona beseni dogo, nikaliona birika, nikaliona beseni tena, miguu haitulii. Nikamwomba Mchungaji, ambaye ni Mkenya na mtu wa haraka. "Sawa, lakini ni five minutes tu, Mwalimu," akasema, "hawa watu wanangoja kubatizwa." Habari za moshi hakuuliza, nami sikusema.

Mwanzo ulikuwa mzuri, naapa. Nilizungumza, watoto wakasogea mbele, meli ya matanga imesimama katikati ya maji haina upepo, nikawasha vifeni, nikawasha udi, magurudumu yakazunguka, moshi ukapanda, na kanisa zima likasema "Eeee!" Nikamtafuta Neema kwa macho. Alikuwa anatabasamu! Mimi nikapaa. Nikaongeza udi.

Mama Furaha ndiye aliyenusa kwanza. Akasimama. "Eh, Mwalimu! Iko nini ile unaunguza? Ni dawa?" Kanisani kwetu ukichoma kitu cha kunukia watu wanafikiria mganga, nami badala ya kuzima nikaanza kueleza kwamba huu ni udi tu, wa mke wangu, wa Tanga, jambo ambalo halikusaidia. Mchungaji akapaza sauti, "Zima hiyo kitu!" Nilipoinama kuizima, betri za upande mmoja (nilizitoa kwenye rimoti ya televisheni, nilijua zimechoka) zikakata, gurudumu moja likabaki linafanya kazi peke yake, na meli ikaanza kuzunguka duara kama mbuzi aliyefungwa kambani, duara la kwanza, la pili, la tatu ikaipiga ile ya watumwa ubavuni. Ikapinduka. Maharage yote yakazama, na kanisa linatazama kupitia kioo. Meli niliyoileta kuwaokoa ndiyo iliyowazamisha.

Na hapo king'ora cha moto kikalia.

Mnajua king'ora cha majengo ya huku, kinaingia mpaka kwenye meno. Watu wote nje, kwenye maegesho, upepo wa Februari unakata, wale saba wanatetemeka na majoho, Mama Furaha amewafunika wawili kwa shali yake huku ananitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Mimi nazunguka tu, huku na kule, naomba msamaha kwa watu, kwa magari, kwa kila kitu. Nikamtafuta Neema. Hayupo. Nikaenda kwa watoto wenzake, hayupo. Kwenye gari, hayupo. Aibu yote ikanitoka ikaingia hofu, nikakimbia kurudi ndani, Mchungaji ananiita sijali.

Nilimkuta birikani. Gauni lake la Jumapili, maji kifuani, anazamisha mkono, anainuka, anaweka kitu ndani ya beseni langu, anazamisha tena. Nikapiga kelele, "Neema! Toka humo! Husikii?" Akanigeukia analia, na akanijibu kwa Kiswahili, miezi mingapi sijakisikia kinywani mwake. "Baba, wewe ulisema ni watu!"

Ningemwinua nikambeba, ndivyo baba mwenye akili angefanya. Mimi nikaukandamiza udi majini ukafanya shwii, nikaingia na suti yangu na viatu, nikaanza kuokota.

Zimamoto walitukuta hivyo. Mmoja mkubwa kama mlango, na kofia yake, akasimama mbele ya kioo akaniuliza kwa upole tunafanya nini. Kiingereza changu chote, miaka yote ile, kikanikimbia. "We are saving beans," nikamjibu. Akamwangalia Neema, akaangalia beseni. Akatuambia tutoke taratibu, maana hapaungui kitu.

Ubatizo ulifanyika baadaye, maji yakinukia udi wa Tanga, na Mchungaji akiwa hanitazami. Mimi na Neema tulikaa benchi la nyuma tumefungwa mablanketi ya zimamoto, yeye na beseni mapajani anahesabu kwa kidole. "Thelathini na tisa," akaninong'oneza. "Baba, bado mmoja." Nikamwambia aache tu. Hakuacha, alikuwa anatazama maji. Wakabatizwa mmoja, wawili, watatu. Wa tano alikuwa Papa Elias, mzee wa Kikongo ambaye kwao alikimbia vita kwa miguu, akakaa kambini miaka ambayo hapendi kuitaja. Alizamishwa, akainuka, maji yanamtiririka, akasimama kidogo akihisi kitu chini ya mguu. Akainama. Akatoka na joho lake linadondosha maji kwenye zulia la watu, akatembea mpaka benchi la nyuma, akafungua kiganja mbele ya binti yangu.

"Mtoto," akasema, "mtu wako huyu."

Kwa hiyo niseme mbele yenu: sitachoma tena udi ndani ya jengo lenye king'ora, sitatoa betri kwenye rimoti, na kopo la mke wangu silisogelei (kwanza siku hizi analificha). Mlangoni pale kanisani pamebandikwa karatasi inayokataza moshi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kila mtu anajua iliandikwa kwa ajili ya nani. Kuhusu ualimu wangu Neema hajaniuliza tena. Ila kabatini jikoni kuna chupa ya jamu yenye maharage arobaini, na mwezi uliopita mke wangu alipungukiwa, akaishusha, akawa anafungua kifuniko. Neema akainuka kwenye kiti, akaichukua mikononi mwake, akairudisha mahali pake.

"Hapana, mama," akamwambia. "Hao hawapikwi."