Mjukuu Wangu Alipiga Hema Juu ya Kaburi la Mwanangu

Msimamizi, nifichie jina langu. Ya wengine nimeyabadili mwenyewe. Nina miaka sabini na minne, mjane, mwalimu mstaafu, naishi Makambako. Kwetu hasa ni mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, kijiji ambacho hakipo tena. Ziwa lilifurika likameza nyumba, ndugu wakapanda mlimani, sisi tukafuata kazi ya mume wangu huku kwenye baridi.

Kabla ya kuhama nilizaa mtoto wa kike, wa kwanza. Aliishi miezi minne. Kwetu enzi hizo, mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno hakuwekewa matanga. Wanawake peke yao walimzika kwenye udongo wenye unyevu karibu na maji, bila tuta, bila msalaba, na mama alikatazwa kulia. Jina lake halikutamkwa tena, maana ukimtaja anawaita wadogo zake. Nilizaa wengine watano, wote wazima. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba walikuwa sita. Baba yao amekufa bila kumtaja.

Miezi michache iliyopita Fadhili, mtoto wa mwanangu wa kiume, alikuja na mkewe Neema, mabegi makubwa mgongoni. Wamemaliza chuo, kazi hakuna, wakaamua kuzunguka na kupiga picha sehemu ambazo watalii hawazijui. "Bibi, safari hii tunakwenda kwenu. Jiandae." Neema, mzaliwa wa Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani, alikuwa na mimba. Nikamwonya kuhusu barabara, akacheka: "Bibi, mwenye mimba ni mimi, mbona unaogopa wewe?"

Tulipita Njombe, tukalala Ludewa, tukashuka ziwani na kumalizia kwa boti, maana kwetu gari halifiki. Nilidhani sitapatambua. Nilipouona mwamba mkubwa uliopasuka katikati, nikajua tumefika. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, maangavu, yameacha mchanga mtupu, hakuna mtu.

Fadhili akazunguka mwamba, akaita, "Hapa! Hakuna upepo, hakuna jiwe!"

Ni pale pale walipomzika.

"Mume wangu," nikamwambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "sogezeni hema kule mbele."

"Mke wangu, kule kokoto zitakuvunja mgongo. Umezoea blanketi tatu za Makambako, leo lala gesti isiyo na mlango."

Nikasimama nikimtazama akigongomea vigingi kwa jiwe. Viliingia kirahisi, udongo wa pale ni laini.

Wao walilala fofofo. Mimi nililala kifudifudi, kiganja kikiwa juu ya turubai. Mara ya mwisho kulala naye alikuwa ananyonya. Nilitaka kulia, nikang'ata khanga, maana katazo lile bado limo mwilini mwangu. Mimi ni Mlutheri, nimefundisha sayansi, nimesoma vitabu vingi. Najua mwanangu aliondoka kwa homa, na najua aliyekufa hamwiti mtu. Lakini Neema alikuwa ubavuni mwangu, tumbo lake likinigusa kiunoni.

Asubuhi wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliteremka kutoka mlimani na mihogo na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, wa kukaanga. Ni mmoja wa wanawake waliomzika mwanangu. Alilitazama lile hema, kisha akaniambia kwa lugha yetu, ili watoto wasielewe: "Wifi, wamelala na shangazi yao."

"Na mimi nimelala naye," nikamjibu.

Tukakumbatiana, tukatetemeka kama vifaranga waliolowa, bila sauti. Neema akatupiga picha. "Jamani mabibi, mapenzi gani hayo asubuhi asubuhi!"

Picha zile zilipendwa mtandaoni. Watu wakauliza ni wapi, na wageni wanalala wapi. Fadhili akapata wazo la kujenga vibanda vya wageni, nyuma ya mwamba, pasipo na upepo. Wazee wa ukoo wamekubali, ila kiwanja kilikuwa cha mume wangu, hivyo neno la mwisho wameniachia mimi. Juzi alipiga simu: "Bibi, fundi yuko tayari kuchimba msingi na shimo la choo. Nimepata kitu cha kufanya na maisha yangu. Sema tu ndiyo." Tangu amalize chuo sijaisikia sauti yake ikiwa na furaha namna ile.

Nikikataa bila sababu, ataona namnyima urithi wa babu yake. Nikitoa sababu, nitakuwa nimemtaja mwanangu, na Neema amebakiza wiki chache ajifungue. Wifi anasema nisubiri mtoto azaliwe, aote meno. Fundi hasubiri meno. Hapa nimeandika tu, sijatamka, najifariji hivyo.

Jana Neema naye alipiga. "Bibi, tupe jina la kambi. Jina zuri la kwenu huko." Jina ninalo moja tu. Nilimpa mwenyewe nikimnyonyesha, na nimelimeza zaidi ya miaka hamsini.

Ninyi mnaosoma, hasa akina mama mliozika wachanga, niambieni: nilitamke, au ninyamaze wachimbe?