Mashine ya Kiabakari Haizimwi

Nikisema mashine ile niliiwasha kwa mikono yangu, watu hutabasamu kile kitabasamu cha kumvumilia mtu. Sijali. Nendeni Kiabakari mkaulize.

Ilikuwa mashine ya kusaga ya marehemu mume wangu, ya dizeli, yenye silinda moja na gurudumu zito, ndani ya kibanda cha bati kando ya barabara ya Musoma. Tulipomzika, hakuna aliyenifukuza pale nyumbani. Waliniacha tu hivi hivi, kila mtu anapita pembeni yangu kama vile mimi ni mgeni aliyesahau kuaga, mpaka nikafungasha nikaenda Bunda, Kabasa, kwa dada yangu. Nikawa nauza dagaa. Ufunguo wa kibanda ulibaki kwa mama mkwe. Miaka mitatu mashine haikutoa sauti.

Siku moja shemeji yangu, mdogo wake marehemu anayeishi Buhare, akanipigia simu. Ukoo ulikuwa umekaa kikao Butiama bila kuniita. Wamekubaliana: kinachofanya kazi abaki nacho mjane, kilichokufa kiuzwe.

"Na mashine imekufa, shemeji," akasema kwa sauti laini. "Jumamosi nakuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeona nikutaarifu."

Kunitaarifu! Nilisikia damu ikinipanda mpaka masikioni.

"Imekufa? Nani kaipima?"

"Sasa shemeji, chuma kimekaa muda wote huo..."

"Njoo na mnunuzi wako. Na mimi nakuja na fundi wangu."

Nilijua kinachotakiwa kuuzwa. Mashine ikiondoka pale, hakuna tena kitu kinachonipa sababu ya kukanyaga ule uwanja. Ningekuwa mtu aliyewahi kuolewa pale, basi. Niliogopa, sifichi. Ila hofu yangu mimi ikizidi huwa inageuka hasira, na hasira najua kuitumia.

Jumamosi nikafika na fundi mmoja wa Bunda mjini. Mama mkwe alitufungulia. Fundi akamwaga dizeli iliyooza, akabadilisha oili, akasafisha nozeli, akajaza pipa la maji ya kupoza. Kichwa cha injini hakukifungua. Alisema tuisikie kwanza.

Shemeji akafika na shati jeupe lililopigwa pasi. Mnunuzi alikuwa nyuma yake na pikapu, tayari wameshusha ubao wa nyuma.

"Nani anazungusha hendeli?" shemeji akauliza, akimtazama fundi.

"Mimi," nikasema.

Marehemu ndiye aliyenifundisha. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikirudi nyuma inavunja mkono. Nikajifunga kanga kiunoni, nikazungusha. Ikakohoa. Nikazungusha tena, gurudumu likashika mwendo, nikaachia. Ikawaka!

Halafu ukatoka moshi. Weee! Moshi mweupe, mzito, ukajaa kibanda, ukatoka kwa mlango na kwa kila tundu la bati, ukavuka barabara. Tukakimbilia nje tukikohoa.

"Ringi za pistoni zimekwisha, mama," fundi akaniambia akitikisa kichwa. "Zima, tusije tukaiua kabisa."

Shemeji alikuwa ameshamwashiria mnunuzi arudishe pikapu kinyumenyume.

Hapo jirani mmoja akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, "Jamani, leo hapo mnapika pilau la chuma?"

Nikanusa. Sisi watu wa ng'ombe unaweza kutudanganya mengi, lakini si harufu ya samli. Ule moshi ulikuwa unanukia samli. Nikageuka, nikamwona mama mkwe amesimama karibu na mlango, macho chini.

"Mama?"

"Nilikuwaga naipasha samli moto kidogo," akasema polepole. "Kila nikija kufagia, namimina kwenye lile bomba la juu. Chuma cha mwanangu kisishike kutu."

Huyu mama kigoda chake alikipaka samli, vibuyu vyake alivipaka samli, na ngozi za ng'ombe vilevile. Kwa nini asingeipaka injini ya mwanawe? Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Muda wote ule nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayemlilia.

"Kama ni samli itaungua iishe," fundi akasema, sasa akikuna kidevu. "Au mashine itakwama kabla haijaisha. Siahidi kitu."

"Izime," shemeji akasema. "Tumeshaona ya kutosha." Akaelekea mlangoni.

Nikamtangulia, nikasimama mbele ya injini na hendeli mkononi.

"Ukigusa hapa nakupiga, shemeji. Mungu ananiona, nakupiga!"

"Wewe mwanamke una wazimu?"

"Ninao. Sogea uone."

Hakusogea. Nilisimama katikati ya ule moshi, machozi yananitoka, kifua kinawaka. Bomba likatema madonge meusi. Mara mlio ukapungua, mashine ikayumba kama inakata roho, na mimi nikaipigia kelele, haki ya Mungu, niliipigia kelele kama ng'ombe mkaidi. Ikajikaza. Moshi ukawa wa kijivu, ukawa mwembamba, mwishowe juu ya bomba ukabaki mvuke wa joto tu. Fundi alikuwa meno yote nje.

Shemeji akajifuta uso. Shati lake lilikuwa na masizi.

"Basi vizuri," akasema. "Nitaleta kijana wa kuisimamia. Wewe kaa tu Bunda, tutakuwa tunakutumia chochote."

Nikamtafuta mama mkwe kwa macho, hayupo. Nikajua na yeye ameondoka asishuhudie, kama walivyofanya wote siku zile.

Akatokea upande wa nyumbani na beseni la makopa ya muhogo mkavu kichwani. Akapita kati yangu na mwanawe, akalitua miguuni pangu.

"Kijana wa nini?" akamuuliza. "Mwenye mashine si huyu hapa? Sogea, unamzibia mwanga."

Shemeji akasogea.

Mama mkwe akanigeukia mimi. "Saga laini, mwanangu. Na jioni usihangaike na basi la Bunda, kitanda chako nimeshakitandika."