Siku Niliyopiga Ngoma ya Baba

Utotoni mwangu katika mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, sisi wasichana tulikatazwa mambo mengi, lakini katazo kubwa nyumbani kwetu lilikuwa moja: tusiguse ngoma. Koko, bibi yetu mzaa baba, alitueleza bila kupepesa macho kwamba mwanamke anayepiga ngoma ya ukoo hulifunga tumbo lake mwenyewe. Hatazaa. Tulikuwa watu wa kanisa, Jumapili haikutupita, na bado hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kulijaribu neno hilo.

Ngoma yenyewe tulikuja nayo kutoka kijijini kwetu, huko Djugu, siku tulipokimbia vita. Baba aliacha kitanda, akaacha mbuzi, akaifunga ngoma kwenye baiskeli. Watu njiani walimcheka. Lakini humo Lumumba, kila palipokuwa na arusi au mtoto mchanga, waliotoka vijiji mbalimbali walikusanyika uani kwetu, Baba akapiga, wakajuana upya. Mimi nilikuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, jikoni kwa kufuata mapigo yake. Sikujua kwamba Koko alikuwa akiusikiliza mchi wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili dada yangu mkubwa, Yaya Furaha, alipopata mchumba. Siku nne kabla ya kumsindikiza kwa mumewe, Baba alianguka na pikipiki akitoka Komanda kuleta maharagwe ya karamu. Alirudi na mkono wa kuume umevunjika, umefungwa plasta hadi begani. Mdogo wake, ambaye sisi tulimwita Baba mudogo, hakujua kupiga ngoma. Akaenda kuazima spika kubwa.

"Mashini haijue jina ya mutoto wetu," Koko alisema. "Binti akitoka bila ngoma, nyumba haijue kama ametoka. Atarudi."

Siku ikafika. Saa sita mchana wakwe walikuwa wamesimama mlangoni pa kiwanja, juani, na spika ikiunguruma wimbo wa mjini. Yaya Furaha alikaa kitandani, akakataa kutoka.

"Muzime ile kitu kwanza," alisema, machozi yakiharibu poda usoni. "Miye si muzigo ya kubebwa tu."

Baba mudogo akaizima. Wakwe wakaanza kunong'onezana. Nilimwona Baba akiutazama mkono wake uliofungwa, na usoni pake nikaona aibu ambayo sikuiona hata siku tuliyokimbia. Hapo nikaamua. Nilivuka ua, nikaketi nyuma ya ngoma.

Baba mudogo alinishika bega. "Espe! Weye mutoto mwanamuke, unataka kukufa bila kuzala?"

"Nitapiga," nilisema.

"Nani alikufundisha?"

"Kinu ndiyo ilimufundisha," Koko akajibu nyuma yetu.

Alikuja akijikongoja na fimbo yake. Nilidhani amekuja kuniondoa. Alisimama kando yangu, akaitazama ngoma bila kuigusa. Alikuwa anaogopa kweli. Akainua kiganja, akaipiga ngoma mara moja, kwa nguvu.

"Miye nilishazala nane," alisema. "Kama kuna laana, ianze na miye. Sasa weye, piga."

Nilipiga. Mwanzo nilikosea, nikaenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Baba akaja kusimama mbele yangu, akawa anagonga mguu ardhini kunionyesha mwendo, taratibu, mpaka mikono yangu ikamfuata. Vigelegele vikapasuka. Yaya Furaha akatoka akicheza, na wakwe wakaingia uani kumpokea, nao wakicheza. Mama mmoja jirani, ambaye tangu afike Bunia hatukuwahi kumwona akicheka, alicheza mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Niliolewa, ikapita miaka mitano bila mtoto. Shangazi za mume wangu walisema ni ngoma. Wakaniomba niiache, niombewe. Kuombewa nilikubali, kuacha nilikataa. Nilipiga ngoma kwenye arusi za binamu zangu mmoja baada ya mwingine, nikicheka na watu, nikilia rohoni. Mwaka wa sita akazaliwa binti yangu, na baada yake hakuja mwingine. Wapo wanaosema laana ilifanya kazi nusu. Sibishani nao.

Siku hizi, ndugu zetu waliotawanyikia Nyankunde na Komanda wanapokutana kwetu kwa arusi au kwa matanga, mimi ndiye ninayeitwa kupiga. Watoto wao hujifunza majina ya vijiji vyetu humo humo nyimboni, maana wengi hawajavikanyaga. Waliokosana hujikuta wamesimama katika mduara mmoja, na ni vigumu kumnunia mtu unayeitikia naye wimbo.

Zamani niliisimulia siku ile kama siku ya ushujaa wangu. Sasa naiona vingine. Mimi nilikuwa mtoto. Kwangu, kuzaa na kukosa kuzaa yalikuwa maneno tu. Koko ndiye aliyejua uzito wa maneno hayo. Wala hakuacha kuiamini laana ile, aliiamini mpaka alipofariki. Aliiamini, akaiogopa, na bado akautanguliza mkono wake mbele ya wangu.