Kioo cha Rangi ya Tofali

Goti la kulia la shangazi lilipokataa kukunjika, cherehani yake ya kukanyaga ilisimama. Alikuwa akiwashonea watu wa Muyinga, Burundi, tangu sisi wengine wa ukoo tulipokuwa bado Tanzania, na bila mshono hakuwa na riziki nyingine. Alihitaji mota, na mota ilihitaji umeme usiokatika katikati ya gauni. Mimi nilikuwa Gitega, nikisoma shahada ya uzamili kuhusu vioo vya sola, na jambo hilo nililiona jepesi: paa dogo la baraza yake lilipata jua la kutosha. Kilichobaki ni idhini ya shemeji yake.

Nyumba ile ya matofali ya kuchoma aliyoishi shangazi ilijengwa na baba wa shemeji huyo, mzee wa makamo, naye hakutaka kuona sola nyeusi upande wa barabara.

"Nyumba ya baba haivai miwani," alisema.

Ndipo nikamletea kioo cha rangi ya tofali. Nilimweleza, pengine kwa kirefu mno, kwamba hakikupakwa rangi: kimevikwa matabaka angavu, membamba kuliko unywele kwa mbali sana, yanayorudisha sehemu ndogo ya mwanga, ile nyekundu, na kuiacha iliyobaki ipite hadi kwenye sola. Tulikilaza uani tukakiinamia, kama watu wanavyokagua maharagwe yaliyoanikwa. Kilikuwa chekundu kabisa.

"Bon," akasema. "Hii iko sawa."

Vioo vikafungwa juu ya baraza. Adhuhuri mzee alirudi kutoka sokoni, akipanda barabara, na jirani yetu muuza vitenge akimfuata kwa kicheko.

"Profeseri, kuja huku!" jirani aliita. "Mi natoka soko, naona nyumba iko kijani. Mmefuga kinyonga?"

Nilishuka hadi waliposimama. Paa lilikuwa la kijani. Sababu niliijua papo hapo, na kuijua hakukunituliza: matabaka yale yakitazamwa kwa mshazari, rangi inayorudi hubadilika. Tulikuwa tumeikubali rangi kwa kuinama juu yake, ilhali hakuna mpita njia anayeitazama nyumba kutoka juu.

"Toa," mzee akasema. "Toa yote."

Shangazi alikuwa mlangoni, ameushika mwimo ili goti lisibebe uzito.

"Shemeji, we unataka mi nikanyage na nini? Na ulimi?"

Mzee alilitazama goti, kisha akaangalia barabara. Nikapata upenyo wa kusema kwamba vioo vikiinamishwa zaidi, wanaotoka sokoni wataviona uso kwa uso, na wekundu utarudi. Ila vitapokea jua pungufu. Nikaanza kueleza upungufu huo unavyokokotolewa.

"Mwanangu," shangazi akanikatiza, "nitashona mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alasiri. Jioni, hapana."

"Jioni macho yenyewe yamechoka. Inamisha."

Tukalegeza skrubu. Mimi na muuza vitenge tulishika fremu ya vioo, naye mzee akasimama barabarani akituamrisha kwa mkono.

"Bado! Sasa iko manjano! Shusha! We mtu wa vitenge, unashika kama mgonjwa! Shusha... Voilà! Wacha hapo."

Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee alipita mbele ya nyumba, akaendelea kupanda hadi upande wa pili, nami nikamfuata nikipanga maneno. Kutoka huko, kama nilivyohofia, paa lilikuwa bado la kijani. Rangi ya upande mmoja ningeweza kuirekebisha. Ya pande zote mbili, sikuweza.

"Huku bado," akasema.

"Ndiyo, mzee. Upande huu sina la..."

"Huku wanapita watu wa msikiti." Alikunja uso dhidi ya jua, akatazama tena, akichukua muda wake. "Kijani mbele ya msikiti haina shida. Kaza skrubu."

Nilizikaza kwa uangalifu uliopita mahitaji. Nilipoingia ndani, mota ilikuwa ikinguruma na shangazi ameulaza mguu mbaya juu ya kigoda, kitambaa kikipita chini ya sindano bila yeye kukanyaga chochote. Mzee aliingia nyuma yangu na suruali mkononi.

"Anza na hii, pindo imefunguka."

Shangazi hakuinua macho.

"We si ulisema toa yote? Weka huko chini, ungoje zamu."

Mzee akaiweka chini kabisa ya rundo la nguo zilizosubiri.