Usifagie, Watu Wako Njiani

Reli mpya ilipofika Mbeya, wateja wetu nao wakahamia huko. Tulikuwa tunauza pampu za maji na mashine za kusaga, na pale Iringa tulibaki kufukuza nzi tu. Watu wa Usangu, watu wa Makongolosi, wote shughuli zao Mbeya. Nani apande basi hadi Iringa kutafuta pampu? Meneja wetu, ambaye alikaa Dar es Salaam, akaamua ofisi ihame. Akanipigia simu mimi, karani wa hesabu.

"Simamia wewe. Ukituhamisha bila vurugu, ofisi ya Mbeya utaiongoza wewe. Ukishindwa, nitaleta mwanamume kutoka huku."

Mwanamume! Niliibwaga ile simu kwa kishindo, hadi mama wa chai akaja mbio kuangalia kilichovunjika. Nikamwambia hakijavunjika kitu, ila kuna mtu Dar hanijui.

Basi nikapanga. Nilikwenda Mbeya mapema nikapima milango kwa kamba, kwa sababu kabati letu la mninga lilikuwa pana kama mwenye nyumba wetu. Simu niliiomba posta kabla hata ukuta haujapakwa rangi. Siku hizo simu ilihitaji kuposwa mapema kama mchumba. Kila sanduku nililipiga chaki: nyekundu chumba cha mbele, nyeupe stoo. Kitakachotakiwa kwanza kiingie mwisho kwenye lori. Makarani wenzangu wawili wakawa wananicheka: "Dada, na panya je, tuwapige chaki ya rangi gani?" Niliwaambia waanze kujipiga wenyewe.

"Mipango si matumizi, mwanangu," alisema mama wa chai huku akinimiminia kikombe.

Huyu mama alikuwa Mhehe wa pale pale mjini, msharika mzuri wa Kilutheri, na mume wake ndiye aliyekuwa dereva wa lori letu. Alinipokea siku ya kwanza nilipoajiriwa, nikiwa sijui hata pa kuweka mkoba. Mbeya alikataa kwenda. Alisema ana shamba lake, na duka la jirani limeshamkubalia auze maandazi barazani.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Lori likaondoka alfajiri na mizigo, dereva na makarani wawili, bila hata kijiko kusahaulika. Mimi, mama wa chai na mlinzi tulibaki kukabidhi nyumba. Meneja angepita mchana akitoka Dar, aikague ofisi ya zamani, kesho yake tuende wote Mbeya. Kilichobaki ni kufagia tu. Sakafu ilikuwa imejaa vipande vya kamba, magazeti, majani makavu ya kufungia mashine na vumbi la miaka yote.

"Haya mama, tufagie."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia tuchome nyumba moto. "Nifagie watu wako njiani? Mume wangu yuko barabarani na gari zito, nimfagie kama takataka? Mwanangu, kwenu hamfundishwi?"

Nilifundishwa, tena vizuri. Bibi yangu naye hakugusa ufagio mgeni akiondoka, mpaka asikie amefika. Lakini jamani, hii ni ofisi! Nikamwambia meneja atafika saa nane. Akasema na afike, karibu yake. Nikauchukua ufagio mwenyewe, akaninyang'anya, akaukalia. Nikamgeukia mlinzi. Mlinzi akaanza kukagua komeo la dirisha kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Hasira zilinipanda, nikatoka nje nikaenda duka la jirani kuomba simu, kwa kuwa yetu nilishaikatisha. Opereta akaniunganisha na Mbeya. Ikaita wee, hakuna mtu. Wangetoka wapi, na lori bado pengine liko Makambako?

Meneja alipofika alitukuta tumekaa juu ya sanduku bovu, tunakunywa chai katikati ya jalala. Alisimama mlangoni na suti yake.

"Ndiyo mpango wako huu, binti?"

Akilini nilimwona yule mwanamume wa Dar akikalia kiti changu. Ningeweza kusema mama amekataa. Ulimi ulishafika hapo, lakini nikamwona mama ameshika ule ufagio kwa mikono miwili, nikajua anaogopa kweli.

"Mzee, hapa hatufagii," nikasema. "Gari halijafika."

"Gari halijafika na ufagio vinahusiana nini?"

"Dereva ni mume wake. Likifika tutafagia. Kama haraka ni yako, ufagio ule pale, mwombe mwenyewe."

Lo! Nilisema hivyo kwa bosi. Mlinzi akatoka nje kabisa. Meneja akamtazama mama, akautazama ufagio, akavua koti. Nikadhani anataka kugombana. Akaketi.

"Kuna chai?"

Kila baada ya muda nilikwenda dukani kujaribu simu, na mara ya tatu meneja akanifuata. Jioni jua likiwa limelegea, karani mmoja akapokea, anahema: tairi liliwapasukia Chimala, lakini wamefika wazima, na kabati limepita mlangoni! Nilipiga yowe mpaka muuza duka akaangusha mizani. Mama alipiga vigelegele, akaanza kufagia kama mwali, na meneja wa kampuni, mikono ya shati imekunjwa, akazoa takataka kwa debe.

Nilipokuwa nafunga mlango nikaona kona moja bado ina vumbi na vipande vya karatasi.

"Mama, pale umesahau."

"Sijasahau. Pale ilikuwa meza yako. Wewe hujafika."

"Mwenye nyumba anataka funguo kesho."

"Mwenye nyumba nasali naye. Atangoja."

Nilimkabidhi mama funguo, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jumatatu asubuhi, Mbeya, baridi inakata masikio, wateja walikuta kila kitu mahali pake. Meneja akazunguka, akafungua kabati, akalifunga, kisha akaniwekea funguo mezani. "Ofisi yako hii. Haya, ipigie Dar, wajue tumefungua."

Nikainua simu. Lakini opereta nilimwomba Iringa, lile duka la jirani. Hata haikuita mara mbili.

"Umechelewa," alisema mama. "Nimekaa hapa na ufagio tangu kumekucha."

Machozi yakanitoka mbele ya meneja, wala sikuona haya.

"Nimefika, mama," nikamwambia. "Fagia."